Kilichopita Mferejini

Februari 1941, mjini Oxford, Uingereza, mkojo wa mgonjwa ulikuwa ukibebwa kwa baiskeli kutoka hospitali kwenda maabara. Mgonjwa mwenyewe alikuwa askari polisi, Albert Alexander, mwenye umri wa miaka 43. Alikuwa amelazwa katika hospitali ya Radcliffe Infirmary, uso na kichwa vimejaa usaha, jicho moja limeshaondolewa, na maambukizi yameanza kuingia mapafuni. Tarehe 12 ya mwezi huo alichomwa sindano ya penisilini. Dawa hiyo ilikuwa adimu kupita kiasi. Kikundi cha Howard Florey, Ernst Chain na Norman Heatley kilikuwa kikiotesha kuvu wake katika vyombo vya udongo vilivyobuniwa kwa umbo la beseni la haja la wagonjwa, na kazi ya wiki nyingi ilitoa unga kidogo tu.

Watafiti hao walikwisha kujua kwamba sehemu kubwa ya penisilini haikai mwilini. Hutoka na mkojo ndani ya saa chache, tena ikiwa na nguvu zake. Basi mkojo wa askari yule ukakusanywa, ukapelekwa maabara, dawa ikachujwa humo, ikarudishwa kwenye mshipa wake. Homa ikashuka, akaanza kula. Baada ya siku tano akiba ikaisha. Akazidiwa tena, na tarehe 15 Machi akafariki.

Kisa hiki husimuliwa kama masikitiko ya dawa iliyopungua, na ni haki kusikitika. Lakini ndani yake mna jambo ambalo tiba ilikuja kulisahau kwa muda mrefu. Watu hawa, miongoni mwa wa kwanza kumtibu binadamu kwa sindano ya penisilini, walijua kinachotoka kwa mgonjwa ni dawa bado. Walikithamini kwa sababu walikuwa maskini wa dawa. Ilipofika 1944 viwanda vya Marekani vilikuwa vikiitengeneza kwa wingi, ya kutosha kwa majeshi ya washirika yaliyovuka kwenda Normandy. Tangu hapo mkojo wa mgonjwa ukawa wa kumwagwa chooni, na choo cha hospitali kikaanza kupokea kila siku mchanganyiko wa vitu viwili: antibiotiki iliyobaki na nguvu, na bakteria waliopona kwenye antibiotiki hiyo.

Bakteria hao hawakuwa wageni. Desemba 1940, wiki chache kabla Alexander hajachomwa sindano, Chain na mwenzake Edward Abraham walichapisha barua fupi katika jarida la Nature. Walikuwa wamesaga bakteria wa utumbo, yule tunayemwita E. coli, wakakuta ndani yake kimeng'enya kinachovunja penisilini. Yaani kiumbe anayeishi tumboni mwa kila mmoja wetu, na anayejaa katika kila shimo la choo duniani, alikuwa na uwezo wa kuiua dawa hata kabla dawa haijafika hospitalini.

Desemba 1945, akipokea Tuzo ya Nobel pamoja na Florey na Chain, Alexander Fleming alionya kwamba anayetumia dozi pungufu huwafundisha vimelea kuizoea dawa. Onyo hilo lilishika. Hadi leo liko kwenye mabango ya kuta za zahanati zetu: maliza dozi, usinunue dawa bila cheti. Ni onyo la kweli. Ila linamhusu mtu na vidonge vyake. Habari za kile kinachoshuka bombani hazikuwamo, na zilichukua zaidi ya nusu karne kupata wasikilizaji.

*

Wa kwanza kuona kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa unaweza kuhama walikuwa Wajapani. Nchi ilikuwa imetoka vitani, miji imebomolewa, na ugonjwa wa kuhara damu unaoletwa na bakteria aitwaye Shigella ulikuwa ukirudi mwaka hata mwaka. Madaktari walianza na dawa za salfa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1950 Shigella wengi walikuwa hawazisikii tena. Zikaletwa streptomisini, tetrasaiklini na kloramfeniko. Mwaka 1955 mwanamke mmoja aliyerudi kutoka Hong Kong alikutwa na Shigella asiyesikia dawa zote nne kwa pamoja.

Hilo halikuingia akilini mwa wataalamu. Elimu ya wakati ule ilisema bakteria huwa sugu kwa bahati, mabadiliko madogo yakitokea katika vinasaba vyake, dawa moja kwa wakati mmoja. Kupata bahati nne kwa mkupuo ni jambo lisilotarajiwa. Tena kulikuwa na vioja vingine. Katika mlipuko mmoja, wagonjwa waliougua kutokana na chanzo kilekile walitoa Shigella wa namna mbili, wanaosikia dawa zote na wasiosikia hata moja. Na kinyesi cha mgonjwa mwenye Shigella sugu kilikutwa na E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo, mwenye usugu uleule.

Mwaka 1959 vikundi viwili, kimoja cha Tomoichiro Akiba na kingine cha Kunitaro Ochiai, vilifanya jaribio lililo rahisi kulieleza. Waliwaweka E. coli sugu na Shigella asiye sugu katika chombo kimoja. Baada ya muda Shigella naye akawa sugu wa dawa nne. Bakteria wa jamii moja alikuwa amempa wa jamii nyingine usugu wake wote mara moja. Tsutomu Watanabe wa Chuo Kikuu cha Keio ndiye aliyeukusanya ushahidi huo kwa Kiingereza mwaka 1963, na hapo ndipo mataifa ya magharibi yalipoanza kuuchukua kwa uzito. Kinachopitishwa ni plasmidi, kipande cha vinasaba chenye umbo la duara, kinachojitegemea ndani ya bakteria na kinachoweza kunakiliwa na kuvushwa kwa jirani kupitia mrija mwembamba.

Mjini London, Naomi Datta alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Hammersmith ulipotokea mlipuko wa bakteria aitwaye Salmonella mwaka 1959. Alipopima vimelea vya wagonjwa aligundua kwamba vichache kati yake vilikuwa vimepata usugu mlipuko ukiwa unaendelea, na mwaka 1962 alionyesha kuwa usugu huo nao unahamishika. Lakini kazi yake ninayoiona kubwa kuliko zote ilikuja miaka ishirini baadaye. Mwanasayansi E.D.G. Murray alikuwa ameacha mkusanyo wa bakteria mia kadhaa walioanza kuhifadhiwa tangu 1917, wengi wao wakiwa wa nyakati ambazo antibiotiki hazijaanza kutumika. Datta na Victoria Hughes waliwafufua, wakawachunguza, na mwaka 1983 wakatoa majibu: plasmidi zinazohama zilikuwamo, tena si chache. Usugu wa dawa ndani ya plasmidi hizo haukuwamo. Magari yalikuwa barabarani zamani. Mzigo tuliupakia sisi, ndani ya miaka arobaini.

Mahali pa kupakia na kupakua ni wapi? Tumboni mwa mgonjwa, ndiyo. Lakini tumbo la mtu mmoja lina vimelea vya mtu mmoja. Panapokutana vimelea vya matumbo elfu, pamoja na mabaki ya kila dawa iliyotolewa wodini siku hiyo, katika giza, joto na virutubisho tele, ni kwenye chemba ya maji taka ya hospitali. Mwaka 1973 W.O.K. Grabow na O.W. Prozesky wa Afrika Kusini walilinganisha maji taka ya hospitali na ya mji. Kwenye ya hospitali walikuta sehemu kubwa zaidi ya bakteria wa kinyesi wenye usugu unaohamishika. Kwa hiyo Afrika ilikuwa na jibu lake mkononi nusu karne iliyopita, limechapishwa katika jarida la kisayansi, kila mtu akiweza kulisoma.

Halikuleta mabadiliko. Nadhani sababu yake haimo katika sayansi, imo katika mgawanyo wa kazi. Daktari wa wodi huishia kitandani. Fundi bomba wa hospitali hufuatwa choo kinapoziba. Mamlaka ya maji hupokea kinachofika kwenye bomba kuu bila kuuliza kimetoka kwa nani. Watu wa mazingira huja samaki wakianza kufa. Bakteria anayepita kwa wote hao si wa idara yoyote.

*

Desemba 2007 mwanamume wa miaka 59, mkazi wa Sweden mwenye asili ya India, alilazwa katika hospitali moja ya New Delhi. Januari 2008 alirudi Sweden, na mkojo wake ulipooteshwa maabara ukatoa bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae, asiyesikia karibu kila kitu, zikiwamo dawa za kundi la kabapenemu. Hizo ni dawa ambazo hospitali huziweka akiba: meropenem na ndugu zake, zinazotolewa pale nyingine zote zimeshindwa. Vimelea vilipelekwa Cardiff, Wales, kwa Timothy Walsh. Kikundi chake kilikuta kimeng'enya kipya kinachovunja kabapenemu, kikakiita New Delhi metallo-beta-lactamase, kwa kifupi NDM-1. Taarifa ilichapishwa Desemba 2009.

Agosti 2010 ikafuata ripoti kubwa zaidi katika jarida la The Lancet Infectious Diseases, mwandishi wake wa kwanza akiwa Karthikeyan Kumarasamy wa Chuo Kikuu cha Madras. Humo mlikuwa na vimelea 44 kutoka Chennai, 26 kutoka Haryana, 37 kutoka Uingereza na 73 kutoka sehemu nyingine za India na Pakistan. Baadhi ya wagonjwa wa Uingereza walikuwa wametibiwa India au Pakistan kabla ya kuugua.

India ilikasirika. Nchi ilikuwa ikipokea wagonjwa wengi wa kigeni wanaofuata upasuaji wa bei nafuu, na jina la mji mkuu wake lilikuwa limebandikwa kwenye kimeng'enya cha kutisha. Bungeni yalisikika maneno ya njama. Wizara ya afya ilikanusha. Januari 2011 mhariri wa The Lancet, Richard Horton, aliomba radhi kwa jina hilo. Uchungu wa Wahindi naufahamu. Sisi Waafrika tunajua maana ya ugonjwa kupewa jina la mto wako au msitu wako. Lakini miezi ile ya ubishi wa jina ilikuwa miezi ambayo mifereji iliendelea kutiririka.

Wakati huohuo, kati ya 26 Septemba na 10 Oktoba 2010, sampuli zilikuwa zikichukuliwa katika mitaa ya New Delhi, ndani ya kilomita 12 kutoka katikati ya mji. Zilikuwa 50 za maji ya bomba ya kunywa, na 171 za maji yaliyotuama au yanayotambaa barabarani: madimbwi ya mitaani na vijito vyembamba vinavyovuja, ambavyo watoto huviruka wakienda shule. Majibu yalichapishwa Aprili 2011. Jeni ya NDM-1, yaani kipande cha vinasaba kinachobeba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho, ilikutwa katika sampuli 51 kati ya zile 171, na katika mbili kati ya 50 za maji ya bomba. Ili kulinganisha, watafiti walichukua sampuli 70 kutoka mtambo wa maji taka wa Cardiff. Hakuna hata moja iliyokuwa nayo.

Mambo mawili ndani ya ripoti hiyo yanastahili kusomwa polepole. Kwanza, jeni ilikutwa ndani ya bakteria ambao haikuwahi kuonekana kwao, akiwamo Vibrio cholerae wa kipindupindu na Shigella wa kuhara damu, yule yule aliyewasumbua Wajapani. Ilikuwa imetoka kwenye vimelea vya wodini ikaingia kwenye vimelea vya mtaani. Pili, watafiti walipima katika joto gani jeni huhama kwa kasi zaidi, wakakuta ni nyuzi 30 za Selsiasi. Joto la mwili ni 37. Kwa hiyo kasi yake kubwa haikuwa ndani ya mgonjwa. Ilikuwa nje, kwenye maji ya mji ambao kuanzia Aprili hadi Oktoba hufikia joto hilo. Msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Tanga hahitaji kuambiwa nyuzi 30 ni mchana wa namna gani.

Serikali ya India ilijibu kwamba maji ya Delhi ni salama, na maofisa wakalalamika kuwa sampuli zilitolewa nchini bila kibali. Baadaye utafiti mwingine, ulioongozwa na Wahindi wenyewe, ulipima maji taka ya hospitali 12 za New Delhi na kukuta vimelea sugu wa kabapenemu kwa viwango vya juu kuliko kwenye mifereji ya jirani.

*

Nairobi nayo ilikuwa na habari yake. Mwaka 2011, jarida lililochapisha ugunduzi wa kwanza wa NDM-1 lilichapisha barua fupi: Klebsiella saba wenye jeni hiyo walikuwa wamepatikana kwa wagonjwa waliolazwa Nairobi kati ya 2007 na 2009. Hesabu miaka. Yule mgonjwa wa Sweden alilazwa Delhi Desemba 2007. Maana yake, wakati dunia haijui hata jina la kimeng'enya hiki, kilikuwa tayari kimefika mkojoni mwa watu wa Afrika Mashariki, na mkojo ule ulimwagwa chooni kama mwingine wowote. Miaka michache baadaye maabara ya Mwanza nayo iliripoti jeni za kuvunja kabapenemu katika vimelea vya wagonjwa wa hospitali ya rufaa. Tulibaki tukisoma magazeti ya ugomvi wa London na Delhi kama mambo ya watu wengine.

Anayedhani hili ni balaa la nchi zisizo na mabomba mazuri asome ya Bethesda, karibu na Washington. Pale ipo hospitali ya utafiti ya taasisi za taifa za afya za Marekani, NIH, yenye vifaa ambavyo kwetu huonekana kwenye picha. Juni 2011 ilimpokea mwanamke wa miaka 43 kutoka hospitali ya New York, akiwa na Klebsiella mwenye kimeng'enya kingine cha kuvunja kabapenemu, kiitwacho KPC. Alitengwa kwa uangalifu, akapona, akaruhusiwa. Wiki kadhaa baadaye vimelea vilevile vikaanza kuonekana kwa wengine. Wagonjwa 18 waliambukizwa, 11 wakafa, sita kati yao kwa maambukizi yenyewe. Evan Snitkin na Julie Segre walisoma vinasaba vya vimelea vya kila mgonjwa, herufi kwa herufi, na kuonyesha kwamba wote walitokana na yule wa kwanza. Hospitali ilijenga ukuta kutenga wodi, ikafukiza vyumba kwa mvuke, ikang'oa mabomba ya masinki ambamo vimelea vilikutwa.

Watafiti wa hospitali hiyo hawakuishia hapo. Walifungua mabomba yaliyo chini ya chumba cha wagonjwa mahututi na mifuniko ya chemba za nje ya jengo, na mwaka 2018 wakaripoti kwamba humo walikuta plasmidi za usugu wa kabapenemu kwa wingi na kwa aina nyingi, ilhali kwenye nyuso za wodini zilikuwa nadra. Wodi ilikuwa safi. Chini ya sakafu yake kulikuwa na ghala.

Ghala hilo hupanda juu namna gani? Amy Mathers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia walijenga maabara ya masinki matano yanayofanana, yakiwa yamepangwa mstari mmoja kama ya wodini. Wakawatia E. coli wanaong'aa rangi ya kijani kwenye kile kipinde cha bomba chini ya sinki kinachobaki na maji ili harufu isirudi ndani. Kisha wakawapa lishe kidogo, mfano wa mabaki ya uji, juisi au dripu ambayo wauguzi humwaga sinkini. Bakteria wakajenga utando wa ute ukutani mwa bomba, wakaanza kupanda, takriban sentimita mbili na nusu kwa siku. Kwa wiki moja walifika kwenye kichujio cha tundu la sinki. Maji yalipofunguliwa yakaangukia kichujio, matone yakawarusha pembeni hadi karibu sentimita 76: kwenye ukingo wa sinki, kwenye mpini wa bomba, mahali ambapo mtu huweka mikono akidhani anainawisha. Majaribio haya yalichapishwa mwaka 2017. Hospitali ya Toronto ilikuwa imelipa bei ya somo hilo mapema: kati ya 2004 na 2006 wagonjwa 36 waliambukizwa bakteria aitwaye Pseudomonas aliyetokea kwenye masinki ya kunawia mikono, yaliyokuwa karibu mno na vitanda.

Kwa hiyo maji taka hayaendi upande mmoja. Yanashuka mtoni, na yanapanda wodini.

*

Itakuwa dhuluma kuisukumia hospitali lawama yote. Viwanda vya dawa vina sehemu yao. Patancheru, karibu na Hyderabad, mtambo mmoja wa kusafisha maji ulipokea uchafu wa viwanda vya dawa takriban 90. Joakim Larsson na wenzake wa Sweden walipima maji yaliyotoka humo baada ya kusafishwa, na mwaka 2007 wakaripoti antibiotiki ya siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita. Dawa iliyotoka kwa siku moja ingetosha mahitaji ya Sweden nzima kwa siku tano. Mashamba ya kuku na nguruwe nayo yana historia yake ndefu, ya kuandikiwa peke yake. Na kiasi kikubwa cha maji taka ya mji wowote hutoka majumbani, kwa watu wazima wa afya ambao hawajui wamebeba nini.

Ila hospitali ina kitu ambacho nyumba haina: dawa za akiba. Hakuna anayemeza meropenem sebuleni. Usugu dhidi ya dawa hizo hulelewa pale zinapotumika, na bomba la pale ndilo linalotakiwa kulindwa kwanza.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark walikusanya maji taka kutoka vituo 79 katika nchi 60, wakasoma vinasaba vyote vilivyomo. Majibu yao, yaliyotoka 2019, yaligawa dunia katika mafungu mawili: Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Oceania upande mmoja, Afrika, Asia na Amerika ya Kusini upande wa pili, uliokuwa na jeni za usugu nyingi zaidi. Jambo lililowashangaza ni sababu. Wingi wa jeni hizo uliendana zaidi na hali ya vyoo, maji na afya ya jamii kuliko na kiasi cha dawa kinachotumika. Peter Collignon na wenzake walikwisha kufikia hitimisho linalofanana mwaka 2018 kwa njia nyingine. Mhindi au Mtanzania hatumii antibiotiki nyingi kuliko mtu wa nchi tajiri kwa kiasi cha kueleza tofauti hiyo. Anachokunywa na anachokanyaga ndicho tofauti.

Ndipo nasema mabango yetu ya "maliza dozi" yanasema nusu ya ukweli. Tunamkemea mama aliyenunua amoksilini nusu dozi kwa sababu hela yake iliishia hapo, na hatumkemei aliyejenga wodi ya ghorofa tatu yenye shimo la septiki lililofurika nyuma ya jiko. Kenya na Tanzania zote zilipitisha mipango ya kitaifa ya kupambana na usugu wa dawa mwaka 2017. Ni jambo jema. Lakini sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam bado hawajaunganishwa na mfumo wa maji taka; hutegemea mashimo na magari ya kunyonya. Maji ya mabwawa ya kusafishia maji taka ya Vingunguti, mjini humo, huishia Mto Msimbazi, na katika bonde la mto huo mchicha hulimwa na kumwagiliwa. Mabwawa ya namna hiyo, yakichimbwa kwa kina kinachotakiwa, tope likitolewa kwa wakati na maji yakipewa siku za kutosha juani, huua vimelea vingi kwa gharama ndogo. Yakijaa tope na kupokea kuliko uwezo wake, hugeuka kuwa kituo cha kupita tu. Yapo matatizo yanayodai fedha za kigeni. Kutoa tope bwawani si mojawapo.

Kwingine wameanza. Hospitali ya Herlev nchini Denmark ilijengewa mtambo wake yenyewe wa kusafisha maji taka mwaka 2014, ili dawa na vimelea vikomee ndani ya uzio. Umoja wa Ulaya, katika sheria yake mpya ya maji taka ya mwaka 2024, unataka usugu wa vimelea ufuatiliwe katika maji taka ya miji mikubwa. Septemba 2024 viongozi waliokutana Umoja wa Mataifa waliahidi kupunguza vifo vinavyohusishwa na usugu kwa asilimia 10 ifikapo 2030, na kwamba vituo vyote vya afya viwe na huduma za msingi za maji na usafi. Ahadi hiyo ina sahihi zetu pia. Mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu wanaokadiriwa kuwa milioni 1.27, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba kiwango kikubwa kuliko kote.

Si lazima tuanze na mtambo wa Herlev. Zipo hatua za wiki ijayo: kutenga sinki la kunawia mikono na la kumwagia mabaki, kusogeza sinki mbali na kitanda, kutenganisha maji ya mvua na maji taka ili mashimo yasifurike masika, kuotesha maji ya chemba za hospitali za rufaa mara kwa mara kama tunavyootesha mikojo ya wagonjwa, na kuyatangaza majibu. Maabara tunazo, na vijana waliosomea kazi hiyo tunao. Wewe msomaji ulipaye kodi, siku utakapoalikwa kushangilia utepe ukikatwa kwenye jengo jipya la hospitali, nenda nyuma ya jengo, umtafute mhandisi, na umuulize bomba la maji taka linaishia wapi.